Msamaha, Nafuu na Punguzo: Uhakiki wa Istilahi za Kodi ya Majengo

Kazi mojawapo ya wanaoshughulika na istilahi ni kuzifuata istilahi hizo huko ziendako baada ya kutoka vitabuni, ili kuona kama zinafanya kazi iliyokusudiwa. Ndiyo sababu, tulipofika Sumbawanga kukusanya maneno yatumikayo katika ofisi za serikali za mitaa, hatukuishia kwenye majalada; tulisoma pia matangazo ya ukutani. Tangazo moja, katika ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja, lilihusu wazee na kodi ya majengo. Lilikuwa fupi, halikuzidi mistari kumi. Hata hivyo, ndani ya mistari hiyo jambo moja lilipewa majina manne: kichwa cha tangazo kilitaja "msamaha", aya ya kwanza ikasema "nafuu", ya pili "punguzo", na mwishoni wazee wakaelezwa utaratibu wa "kufutiwa" kodi.

Mzee mmoja aliyekuwa akisoma pamoja nasi alitugeukia, akauliza: "Wanangu, mimi sina nililokosa. Sasa hapa nije kusamehewa nini?" Hakuingia ofisini siku ile. Alisema atarudi akifuatana na mwanawe, maana kuomba msamaha si jambo la kuendewa peke yako. Na kweli, katika desturi zetu nyingi aendaye kuomba radhi hufuatana na mtu wa kumsemea.

Swali la mzee huyo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Tunadai kwamba neno "msamaha", kama linavyotumika sasa katika mambo ya kodi, linabeba dhana zaidi ya moja, na kwamba mojawapo ya dhana hizo hailifai hata kidogo. Hasara ya kosa hili humwangukia mwananchi ambaye sheria imempa haki, naye akadhani ameitiwa huruma.

Kodi ipi?

Kabla ya kuuhakiki msamaha, yafaa tukitazame kwanza kile kinachosemekana kusamehewa. Neno "kodi" lina maana mbili zilizokaa karibu mno. Maana ya kwanza ni malipo ambayo raia huyatoa kwa serikali kwa mujibu wa sheria. Maana ya pili ni malipo ambayo mtu humpa mwenye mali ili aitumie mali hiyo kwa muda. Ndiyo maana twasema kukodi baiskeli na kukodisha shamba. Maana hizi mbili zikiwa mbalimbali hazina madhara. Zikutanapo juu ya paa moja, zinaleta mkanganyo.

Utawala wa Kijerumani uliamuru kodi ya nyumba mwaka 1897, na utozaji ukaanza mwaka uliofuata. Nyanda za Ufipa zilikuwa chini ya kituo cha Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1922 utawala wa Kiingereza ulitunga sheria yake ya kodi ya nyumba na kichwa. Kwa watu wa zama hizo "kodi ya nyumba" ilikuwa ni kodi ya serikali iliyohesabiwa kwa idadi ya nyumba. Leo hii, ukimwuliza kijana wa Sumbawanga maana ya "kodi ya nyumba", atakujibu kuwa ni fedha anayompelekea mwenye nyumba kila mwezi au kila baada ya miezi kadhaa. Maneno yamebaki yale yale, bali mpokeaji wa fedha amebadilika.

Sheria ya mwaka 1983 ya utozaji wa kodi hii katika mamlaka za miji, ambayo katika mkusanyo wa sheria zetu ni Sura ya 289, ilirudisha kodi juu ya nyumba zenyewe. Hapo watumishi walifanya jambo la busara: waliacha kusema "kodi ya nyumba", wakasema "kodi ya majengo". Istilahi hiyo ni njema. Jengo ni pana kuliko nyumba. Duka, ghala na ofisi vyote ni majengo. Tena imeepuka kugongana na malipo ya mpangaji. Lililopungua kidogo ni kwamba mji wa Sumbawanga, kama miji mingine mingi ya nchi yetu, una kata iitwayo Majengo, na kwa hiyo mwandishi wa tangazo apaswa kuangalia sana herufi kubwa na ndogo. Lakini hiyo ni dosari ya bahati, wala si ya istilahi.

Kwa hiyo twapendekeza tangu mwanzo kwamba katika maandishi ya serikali maneno "kodi ya nyumba" yaachwe kabisa. Malipo ya mpangaji yaitwe "pango", na malipo kwa serikali juu ya jengo yaitwe "kodi ya majengo". Neno "pango" limekwisha kuzoeleka katika malipo ya ardhi, ambako watu husema "pango la ardhi" bila taabu.

Maana ya msamaha

Msamaha ni neno lenye watu watatu ndani yake: aliyekosa, aliyekosewa, na kosa lililo kati yao. Pasipokuwa na kosa hapana msamaha. Rais anapotoa msamaha kwa wafungwa, sote twaelewa, kwa sababu mfungwa alihukumiwa. Mwaka 2018 serikali yetu ilipotangaza msamaha wa riba na adhabu kwa walipakodi waliokuwa na malimbikizo, msamaha uliofika hadi asilimia 100 ya riba na adhabu hizo, neno lilikaa mahali pake barabara. Deni lilikuwapo, muda ulikuwa umepita, adhabu ilikuwa imekwisha kuingia, ndipo mwenye mamlaka akasamehe. Kadhalika huko Kenya, serikali za kaunti zinapowaita wenye viwanja walipe malimbikizo yao na kusamehewa riba, hapana wa kulaumu matumizi hayo.

Sasa tuitazame hali nyingine. Ile sheria ya mwaka 1983 ilitaja tangu mwanzo aina za majengo na mahali ambapo kodi haitozwi. Humo zimo nyumba za ibada, maktaba za umma, makumbusho na makaburi. Sheria na kanuni zilizofuata zikaongeza na watu: mzee aliyetimiza miaka 60, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe, na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Mambo haya yote nayo yamekuwa yakiitwa "msamaha wa kodi". Lakini je, makaburi yamesamehewa nini? Maktaba ilimkosea nani? Deni halikupata kuzaliwa. Mtunga sheria hakumwona mdaiwa akamhurumia. Alichora mstari, akasema upande huu kodi itatozwa na upande ule haitatozwa. Mzee wetu wa Sumbawanga yuko upande ule. Hana la kuomba. Analotakiwa kufanya ni kuthibitisha umri wake na makazi yake, kama vile mwenye hati anavyoonyesha hati.

Ipo basi tofauti ya wakati. Msamaha huja baada ya deni. Kutotozwa hutangulia deni. Ipo tofauti ya mamlaka. Msamaha hutegemea hiari ya msamehevu, naye aweza kuunyima. Kutotozwa hutegemea sheria, na mtumishi hana hiari ndani yake. Na ipo tofauti ya heshima. Aombaye msamaha huinama. Adaiye haki husimama.

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni maneno tu, na kwamba mwananchi ataelekezwa dirishani. Zamani pengine ilitosha kusema hivyo, kwa kuwa sheria yenyewe ilikuwa kwa Kiingereza, na tangazo la Kiswahili lilikuwa kivuli chake. Kivuli kikipinda, mti wabaki wima. Lakini mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri za Sheria, likaifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Tangu hapo neno la Kiswahili si kivuli tena. Likipinda, sheria yenyewe imepinda.

Nyumba moja ya mfano

Ili tuone maneno haya yanavyofanya kazi, tutunge mfano. Bibi mmoja mwenye umri wa miaka 67 ana nyumba ya matofali yenye bati katika kata ya Katandala, Sumbawanga. Nyumba ina mita moja ya umeme ya LUKU. Anaishi humo na mjukuu wake anayesoma chuo cha ualimu.

Itakumbukwa kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo iliunganishwa na ununuzi wa umeme. Jengo la kawaida, lisilo la ghorofa, lilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, yaani shilingi 12,000 kwa mwaka; na mwaka 2023 kiwango kikapandishwa kuwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani shilingi 18,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo kiwango cha jengo la kawaida kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na mwenye jengo alikwenda kulipa mwenyewe. Utaratibu wa LUKU umerahisisha ukusanyaji, lakini umeleta mtu mpya katika mambo haya: yule anunuaye umeme, ambaye huenda si mwenye jengo.

Hali ya kwanza. Bibi anaishi nyumbani mwake, umri wake umethibitishwa, na mita yake haikatwi kitu. Mjukuu anaponunua umeme hakatwi. Anaweza kuwaambia wenzake kwamba yeye, kwa kuwa ni mwanafunzi, ana msamaha wa kodi. Amekosea. Hakuna mahali ambapo kodi hii imemtaja mwanafunzi. Kinachomfunika ni umri wa bibi yake na makazi yake, wala si kitambulisho cha chuo.

Hali ya pili. Bibi anahamia Laela kwenye mashamba yake, na nyumba ya mjini anaipangisha kwa wanafunzi watatu. Hapo sharti la kuishi mwenyewe limeondoka, na kodi yaanza kukatwa. Wanafunzi wakinunua umeme wanaona shilingi 1,500 zimekwenda. Wanalalamika kwamba wanalipa "kodi ya nyumba" mara mbili: mara moja kwa bibi na mara ya pili kwa serikali. Bibi naye anasema hajaona "kodi ya nyumba" ya mwezi huu. Kila mmoja anasema kweli, na hapana anayemsikia mwenziwe, kwa sababu neno ni moja na vitu ni viwili. Mbele ya sheria mwenye jengo ndiye mlipaji. Fedha iliyokatwa kwa wapangaji ni fedha waliyomtangulizia mwenye jengo, na yafaa ipunguzwe katika pango lao. Ikiwa hati yao ya kupangisha ingaliandika "pango" mahali pa pango na "kodi ya majengo" mahali pa kodi ya majengo, ugomvi huu ungaliisha kabla ya kuanza.

Hali ya tatu. Chuo kinafungwa, wanafunzi wanarudi kwao, na kwa miezi miwili hakuna anunuaye umeme. Kodi ya miezi hiyo haikupotea. Imelimbikizwa, nayo itakatwa kwa pamoja siku umeme utakaponunuliwa. Tuseme mwenye mamlaka, kwa sababu fulani, aamue kwamba malimbikizo ya namna hiyo yasidaiwe. Huo sasa ndio msamaha hasa. Au, kwa usahihi zaidi, ndiko "kufuta deni". Deni lilikuwapo, nalo limefutwa.

Hali ya nne. Mmoja wa wanafunzi wale anauliza: mbona katika basi la mjini mwanafunzi analipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, na katika umeme hapana tofauti? Swali ni jema. Nauli ya mwanafunzi si msamaha, wala hasa si punguzo. Ni kiwango maalumu kilichowekwa na mamlaka ya usafiri kwa kundi maalumu. Na kodi ya majengo haimtazami mpangaji usoni. Humtazama mwenye jengo na jengo lake. Iwapo siku moja watunga sheria watataka kuwasaidia wanafunzi wapangao, itawalazimu kwanza waseme ni kwa njia ipi, na hapo ndipo lugha itakapohitajika kuwa tayari.

Mfano wa ng'ambo

Tunasema "kuwa tayari" kwa sababu ziko nchi ambazo zimekwisha kumtaja mwanafunzi katika kodi ya namna hii, na mfasiri wa Kiswahili huombwa azieleze taratibu hizo, hasa kwa vijana wetu waendao kusoma huko. Uingereza ni mfano mzuri, kwa kuwa imejaribu njia zaidi ya moja.

Katika mwaka 1989 huko Uskoti, na mwaka 1990 katika Uingereza yenyewe na Wales, serikali ilileta kodi ya serikali za mitaa iliyotozwa kwa kila mtu mzima. Wananchi waliichukia, wakaiita kodi ya kichwa. Katika kodi hiyo mwanafunzi wa kutwa nzima alitozwa asilimia 20 tu ya kiwango kamili. Mwaka 1993 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa kodi ya halmashauri ambayo hutazama nyumba na wakazi wake kwa pamoja. Hesabu kamili ya kodi hii hudhani kwamba nyumba ina watu wazima wawili. Akiwapo mmoja tu, hupunguzwa asilimia 25. Mwanafunzi hahesabiwi miongoni mwa watu wazima hao. Basi mwanafunzi akiishi na mtu mmoja asiye mwanafunzi, nyumba huhesabiwa kana kwamba ina mtu mmoja, na asilimia 25 huondolewa. Wakazi wote wakiwa wanafunzi, nyumba haitozwi kabisa.

Msomaji ataona kwamba hapo pana mambo manne. Kulipa asilimia 20 ni kutozwa kwa kiwango maalumu. Kutotiwa katika idadi ya wakazi ni jambo la pili, ambalo Kiswahili chaweza kulieleza kwa neno "kutohesabiwa". Kupungua kwa asilimia 25 ni punguzo. Nyumba ya wanafunzi watupu kutoguswa na kodi ni kutotozwa. Tumeona tafsiri zinazoyatia mambo haya yote katika kikapu kimoja cha "msamaha kwa wanafunzi". Mwanafunzi kutoka Rukwa aliyepanga nyumba pamoja na mfanyakazi mmoja, akisoma tafsiri ya namna hiyo, atadhani nyumba yao haidaiwi kitu. Kumbe inadaiwa robo tatu ya hesabu. Hapo mfasiri hakukosea sarufi, wala hakukosea tahajia. Ameharibu hesabu ya mtu.

Pingamizi

Tunajua kwamba zipo pingamizi, na si haki kuzipuuza.

Pingamizi la kwanza ni la mazoea. "Msamaha wa kodi" umo katika hotuba za bajeti, katika magazeti na katika vinywa vya wafanyabiashara. Wataalamu wa istilahi, yasemwa, hawana budi kufuata wengi. Tunakubali kwamba neno lililoenea lina haki ya kuishi. Hatutaki kulifukuza, twataka kulirudisha nyumbani kwake. Msamaha ubaki kwa riba, kwa adhabu na kwa deni. Hapo halina mpinzani.

Pingamizi la pili ni kwamba "kutotozwa" ni kitenzi kilichovaa kanusho, si jina zuri la dhana. Tumejaribu majina mengine. "Kinga ya kodi" ina mvuto, lakini kinga imekwisha kuchukuliwa na wanasheria kwa wale wasioweza kushtakiwa, na na waganga kwa maradhi. "Ondoleo la kodi" lina umbo zuri la Kibantu, lakini kwa Wakristo, nao ni wengi katika Ufipa, ondoleo ni la dhambi. Tutakuwa tumemtoa mzee wetu kwenye kosa la jirani na kumtia kwenye kosa kwa Mungu. "Uhuru wa kodi" haueleweki. Tumerudi basi kwenye kitenzi, bila kuona haya. Jina la Sumbawanga lenyewe, kama wenyeji wanavyolieleza, ni amri ya Kifipa imwambiayo mtu autupe uchawi. Ni kitenzi na yambwa yake, na limekuwa jina la mji na wilaya bila mtu kulalamika kwamba si nomino kamili. Lugha za Kibantu zina raha na vitenzi vyao. Kutoka "kutotozwa" twapata "asiyetozwa", "jengo lisilotozwa", na "sharti la kutotozwa", na kila mojawapo humwambia msomaji kwa wazi ni nani au ni nini kilichoachwa nje ya kodi. "Msamaha wa kodi" haumwambii hivyo.

Pingamizi la tatu ndilo zito: kwamba mwananchi hajali jina, anajali fedha. Walimu watakaosoma makala haya watatusaidia kulijibu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulileta elimumsingi bila malipo, iliyoanza Januari 2016. Waraka ulisema "bila malipo". Mitaani watu wakasema "bure". Kati ya maneno hayo mawili kulikuwa na nafasi ndogo tu, lakini katika nafasi hiyo ziliingia sare, madaftari, chakula na michango ya hiari. Mzazi aliyesikia "bure" alimwona mwalimu mkuu kuwa mwongo kila alipotaja jambo lolote la gharama, na mwalimu mkuu akatumia miezi mingi kueleza yale ambayo neno moja lingaliyaeleza. Mwananchi hujali jina, kwa sababu kwa jina ndipo anapojua fedha yake inaanzia wapi na inaishia wapi.

Mapendekezo

Kwa hayo yote, tunaweka mbele ya wasomaji mapendekezo yafuatayo, ili yajadiliwe kabla ya kupelekwa kwenye kamati ya kusanifu.

Kwanza, "kutotozwa kodi" litumike pale ambapo sheria imemweka mtu au jengo nje ya kodi tangu mwanzo. Mwandishi ataje daima ni mtu au ni jengo: "mzee asiyetozwa kodi kwa nyumba anayoishi", "jengo la ibada lisilotozwa kodi".

Pili, "punguzo la kodi" litumike pale tu ambapo kodi inadaiwa, lakini sehemu yake inayojulikana imeondolewa. Punguzo liandikwe pamoja na kiasi chake, kwa asilimia au kwa shilingi. Punguzo lisilo na tarakimu ni ahadi tu.

Tatu, "kiwango maalumu" kitumike pale ambapo kundi fulani limewekewa kiwango chake, kama nauli ya wanafunzi. Huku si kupunguza kiwango cha wengine. Ni kuweka kingine kando yake.

Nne, "kutohesabiwa" litumike kwa mtu ambaye hatiwi katika idadi ya wanaofanya kodi iwe kubwa au ndogo. Dhana hii haimo katika kodi zetu za majengo leo, lakini wafasiri wanakutana nayo.

Tano, "msamaha" ubaki kwa riba, adhabu na malimbikizo ambayo mwenye mamlaka ameamua kutoyadai. Katika maandishi ya hesabu, ambapo deni lafutwa daftarini, pasemwe "kufuta deni". "Kufuta kodi" kuwe na maana moja tu, yaani kuiondoa kodi yenyewe, kama ilivyofutwa kodi ya maendeleo mwaka 2003. Mzee akiambiwa kwamba "kodi yake imefutwa", hana njia ya kujua kama ni deni la mwaka jana au ni kodi ya miaka yote ijayo.

Sita, "nafuu ya kodi" liwe neno mwavuli, la kuyataja yote yaliyotangulia kwa pamoja, katika vichwa vya habari na katika hotuba. Lisitumike katika kifungu cha sheria wala katika fomu, kwa sababu mtu hawezi kujaza nafuu. Hujaza umri, makazi na kiasi.

Wafasiri wanaotaka kipimo cha haraka wajiulize maswali matatu kabla ya kuchagua neno. Je, deni lilikwisha kuzaliwa au halijazaliwa? Kinachoachwa ni chote au sehemu? Kinachoguswa ni mtu, jengo au hesabu? Maswali haya yakijibiwa, neno hujileta lenyewe. Yasipojibiwa, hata kamusi nzuri haitasaidia.

Tuseme neno la mwisho kwa watumishi wa halmashauri, ambao ndio waandishi wa Kiswahili wanaosomwa kuliko sisi sote. Tangazo la ukutani halina mhariri, wala halina toleo la pili; mvua ikilinyeshea linaondoka na makosa yake. Lakini katika muda wake mfupi husomwa na watu ambao hawatasoma jarida hili kamwe. Tangazo lile la Sumbawanga lingaliandikwa hivi: "Mzee aliyetimiza miaka 60 hatozwi kodi ya majengo kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Aje na uthibitisho wa umri na wa makazi yake." Ni sentensi mbili. Hazina msamaha ndani yake, wala nafuu, wala huruma. Mzee yule angalizisoma, akaingia ofisini siku ile ile, bila kumngoja mwanawe.

Tunawaomba wasomaji, hasa wale wa mikoani, watuletee matangazo na fomu za aina hii, pamoja na maoni yao juu ya mapendekezo tuliyoyatoa. Anayeona kwamba "kutotozwa" halifai, na atuletee lililo bora. Ikiwa lugha ya Ufipa au lugha nyingine ya nchi yetu ina neno moja, fupi, la kumtaja mtu ambaye mchango wa kijiji haumhusu kwa sababu ya umri wake, tungependa sana kulijua. Tulikwisha kuchukua "ngeli" na "kitivo" kutoka lugha za wananchi, na Kiswahili hakikupungukiwa.